Maswali ya Wasomaji: Matetemeko Makubwa na Mawimbi ya Tsunami

Barua za safari hii zimetoka pwani, Kagera, Kivu na hata Muscat. Tumechagua maswali ambayo majibu yake yanaweza kumsaidia mtu siku ile yenyewe ikifika.

Swali: Mwaka 2004 wimbi lilitoka Sumatra likaangamiza Aceh na Sri Lanka, lakini huku kwetu maji yalijaa na kupwa ovyo tu, kisha yakatulia. Tulikingwa na nini? Na nikiwa nje na chombo habari ikitoka, nirudi au nikae hukohuko?
*Nahodha, Mkokotoni*

Jibu: Nahodha, hamkukingwa na kitu kimoja pekee. Tetemeko la Desemba 26, 2004, lenye ukubwa wa 9.1, lilipasua ufa wa kama kilomita 1,300 chini ya bahari, kuanzia kaskazini mwa Sumatra hadi visiwa vya Andaman. Ufa ule umelala kaskazini kwenda kusini, na tsunami husukuma nguvu zake nyingi kwenye pande mbili zinazoutazama ufa: mashariki Thailand; magharibi Sri Lanka, India, Maldivi, hadi Somalia. Ndiyo maana mji wa Hafun, Somalia, ulibomolewa na nchi hiyo ikapoteza karibu watu 300, ilhali Tanzania ilipoteza 13 na Kenya mmoja. Pwani yetu ilikuwa pembeni ya njia kuu. Tena kabla ya kutufikia, maji yalikuwa yameshapita kwenye safu ya Maldivi na vina vifupi vya upande wa Shelisheli, ambavyo vilitawanya sehemu ya nguvu hizo.

La mwisho lilikuwa bahati tupu. Wimbi lilifika mchana, maji yakiwa yamekupwa, katika siku ya mwezi mpevu ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4. Wimbi la mita moja juu ya maji yaliyokupwa huenda lisifike hata pale bamvua la kawaida, yaani kujaa kukubwa kwa siku za mwezi mpevu, linapofika. Wimbi hilohilo likikuta bamvua limejaa, linaingia majumbani. Kwa hiyo yaliyotokea 2004 yasichukuliwe kuwa kipimo cha yatakayokuja.

Kuna jambo jingine tunalotaka lisisahaulike. Aceh walikuwa na kama dakika 20. Sri Lanka walikuwa na saa 2, wakafa zaidi ya watu 30,000, kwa sababu hapakuwa na mfumo wa kuwaambia. Sisi tulikuwa na saa 8 au 9. Kenya iliwaondoa watu kwenye fukwe nyingi za Mombasa kabla maji hayajafika. Tanzania habari haikuwafikia walio majini, na wengi wa waliokufa walikuwa wakiogelea. Tofauti hiyo haikuletwa na bahari. Tangu hapo mfumo wa tahadhari wa Bahari ya Hindi umejengwa: Australia, India na Indonesia hupima na kutuma taarifa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa Kenya huzipokea. Kipande kilichobaki ni kile cha kutoka ofisini hadi ufukweni, na hicho kinategemea kamati za vijiji, redio na misikiti yenye vipaza sauti.

Sasa chombo chako. Kwenye kina cha mita 4,000 tsunami hukimbia kama kilomita 700 kwa saa, lakini juu ya maji huinuka chini ya mita moja. Setilaiti iliyopita juu ya Bahari ya Hindi saa 2 baada ya tetemeko la 2004 ilipima kama sentimita 60. Mwinuko huo umetandazwa kwenye urefu wa kilomita mamia, kwa hiyo ngalawa haiusikii. Ikifika kwenye kina cha mita 10 kasi hushuka hadi kilomita 36 kwa saa. Maji ya mbele yanapunguza mwendo huku ya nyuma yakija mbio, na hapo ndipo yanarundikana na kupanda. Ukiwa tayari nje, nenda kwenye kina cha zaidi ya mita 100, yaani pima 55 na zaidi, ukae huko. Angalia lakini upande uliopo: mkondo wa Pemba una kina kirefu, kinafika mita mamia kadhaa, ila mkondo wa Unguja mwingi wake hauzidi mita 60. Hapo hujafika mahali pa usalama. Elekea kaskazini kwenye maji makuu, au nje ya mwamba upande wa mashariki. Ukiwa bandarini na wimbi linatarajiwa ndani ya saa moja, kiache chombo, panda nchi kavu. Na usirudi baada ya wimbi la kwanza: mawimbi hufuatana kwa dakika 10 hadi 60, mara nyingi la pili au la tatu ndilo kubwa, na mikondo ya bandarini huendelea kuvuruga vyombo kwa zaidi ya nusu siku.

Swali: Shule yetu iko karibu na mkono wa bahari. Tumewafundisha watoto kwamba bahari ikirudi nyuma ghafla wakimbie. Je, hiyo inatosha? Na tuwapeleke wapi?
*Mwalimu, Kilifi*

Jibu: Mwalimu, somo hilo ni zuri ila ni nusu. Bahari si lazima irudi kwanza. Inategemea ni sehemu gani ya wimbi inayokufikia mwanzo. Mwaka 2004 Thailand, iliyo mashariki ya ufa, iliona maji yakirudi, kwa sababu sakafu ya bahari upande ule ilizama. Sri Lanka na India zilianza kuona maji yakipanda. Wafundishe dalili tatu, na yoyote moja inatosha kukimbia: tetemeko kali au linalodumu zaidi ya sekunde 20 ukiwa karibu na bahari, maji kupanda au kushuka isivyo kawaida ya saa ile, na ngurumo kubwa kutoka baharini.

Na si lazima tetemeko liwe kali. Mnamo Juni 15, 1896, watu wa pwani ya Sanriku, Japani, walisikia mtikisiko hafifu wa polepole, wakaendelea na sherehe zao. Kama nusu saa baadaye yalikuja maji yaliyopanda hadi mita 38 kwenye baadhi ya mabonde, na watu wapatao 22,000 wakafa. Mtikisiko hafifu lakini mrefu ni wa kuogopwa kuliko ule mkali wa mara moja.

Kuhusu mahali pa kwenda, tafadhali soma habari ya shule mbili za Japani, Machi 11, 2011. Tetemeko lilikuwa la 9.0, na tahadhari ya kwanza, iliyotolewa dakika 3 tu baadaye, ilikadiria wimbi la mita 3 kwa mkoa wa Iwate, kwa sababu vipimo vya mwanzo viliona tetemeko dogo kuliko lilivyokuwa. Kwenye mji wa Kamaishi, mkoani humo, wanafunzi wa sekondari hawakungoja. Walikimbia kuelekea mlimani, wale wa shule ya msingi jirani wakawafuata, na walipofika mahali walipopangiwa wakaona hapatoshi, wakaendelea kupanda. Karibu watoto 3,000 waliokuwa shuleni mjini humo walinusurika. Shule ya msingi Okawa, Ishinomaki, iko kama kilomita 4 kutoka baharini, kando ya mto Kitakami, na kilima kilikuwa nyuma yake. Watoto walikusanywa uwanjani, watu wazima wakajadiliana waende wapi, zikapita karibu dakika 50. Maji yalipanda na mto. Walikufa wanafunzi 74 na walimu 10.

Kwa hiyo mwalimu, mambo ya kufanya kabla: chagueni mahali palipo juu ya mita 20 hadi 30 kutoka usawa wa bahari, au kilomita 2 hadi 3 ndani, na msihesabu umbali kutoka ufukweni peke yake. Hesabuni pia umbali kutoka mkono wa bahari na mto, maana maji hupita hapo kwanza na kwa kasi. Tembeeni njia hiyo na darasa la wadogo kabisa mkiwa na saa mkononi. Kama inazidi dakika 15, tafuteni jengo imara la zege lenye ghorofa 3 au zaidi, liwe la pili la akiba. Amueni leo nani atatoa amri, na nani ataitoa asipokuwepo. Wazazi waambiwe kabisa wasije shuleni kuchukua watoto. Watawakuta kule juu. Japani wazazi wengi walikufa barabarani wakielekea kuwachukua watoto ambao walikuwa wameshaokoka.

Swali: Redio ilisema tetemeko la Bukoba lilikuwa 5.9 na la Sumatra 9.1. Mbona tofauti ni ndogo hivyo? Na je, Ziwa Tanganyika linaweza kuleta tsunami?
*Mwanafunzi, Kigoma*

Jibu: Namba hizo hazipandi kama hatua za ngazi. Kila ukiongeza 1, nguvu inayotoka huzidishwa kwa kama 32. Ukiongeza 2, kwa 1,000. Kutoka 5.9 hadi 9.1 ni zaidi ya mara 60,000. Kubwa kuliko yote yaliyopimwa ni la Chile, Mei 22, 1960, la 9.5, ambalo wimbi lake lilivuka Bahari ya Pasifiki yote, likaua watu 61 Hilo, Hawaii, na zaidi ya 100 Japani, karibu siku nzima baada ya ardhi kutikisika.

Ukubwa peke yake hautoshi, lakini. Aprili 11, 2012, karibu na Sumatra hiyohiyo kulitokea tetemeko la 8.6 na tsunami yake ikawa ndogo, kwa sababu miamba iliteleza ubavuni bila kuinua sakafu ya bahari. Na lile la Agosti 12, 2020 lililowatoa watu nje Dar es Salaam lilikuwa na ukubwa wa kama 6. Kwa kawaida tetemeko la chini ya 6.5 halisukumi maji ya kutosha.

Ziwa Tanganyika liko juu ya Bonde la Ufa, na Desemba 5, 2005 lilipata tetemeko la 6.8 chini yake. Wimbi la ukubwa wa baharini si la kutarajia, ila tetemeko kali linaweza kuporomosha miteremko ya chini ya maji au kingo za ziwa na kuleta mawimbi ya hatari kwa walio ufukweni. Ukisikia mtikisiko mkali ukiwa mwaloni, panda juu.

Swali: Tetemeko la 2016 lilibomoa nyumba nyingi huku, lakini nyingine za jirani zilisimama. Mteja wangu hana fedha nyingi. Nimjengee nini?
*Fundi, Bukoba*

Jibu: Fundi, swali lako ndilo kubwa kuliko yote hapa. Januari 12, 2010 Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0, wakafa watu zaidi ya 100,000. Wiki sita baadaye Chile ilipigwa na la 8.8, lenye nguvu mara 500 zaidi, wakafa kama 525. Chile ilikuwa imesimamia kanuni zake za ujenzi kwa miongo mingi. Bukoba nayo, Septemba 10, 2016, ilipoteza watu wasiopungua 17 kwa tetemeko la 5.9, ukubwa ambao nyumba ya chini iliyofungwa vizuri inapaswa kuuvumilia.

Ukuta wa tofali unabeba uzito wa juu vizuri sana. Unachoshindwa ni kusukumwa ubavuni. Ardhi ikienda kushoto na kulia, kuta mbili zinazokutana kwenye kona zinavutana, kona inafunguka, ukuta mrefu unaanguka nje, paa linashuka ndani. Kazi yako yote ni kuzifunga kuta nne ziwe kitu kimoja, kama boksi.

Anza na mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima bila kukatika, usawa wa lenta, yaani juu tu ya milango na madirisha, na ukiweza mwingine juu ya ukuta chini ya paa. Lenta za vipandevipande juu ya madirisha hazifungi kitu. Weka nondo 4 za milimita 12, ringi (vyuma vya kuzizungushia nondo) za milimita 6 au 8 kila sentimita 15 hadi 20, ncha za ringi zikunjwe kuingia ndani ya zege, zisiishie kwenye pembe mraba tu, maana zitafunguka. Kosa tunaloliona mara nyingi liko kwenye kona: nondo za ukuta mmoja zinaishia pale, na za ukuta wa pili zinaanzia pale, hakuna kinachoziunganisha. Kunja nondo zipite kona na zipishane angalau sentimita 60 upande wa pili. Zege ni 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto. Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko wa kilo 50. Mafundi huongeza maji ili zege liteleze, nalo linabaki na matundu na nguvu kidogo. Nondo zifunikwe na zege la sentimita 2.5 kila upande. Mwagilia siku 7 mfululizo bila kuruka. Mchanga wa chumvi usiuguse, kutu italipasua zege kabla ya tetemeko lolote.

Kwenye tofali za kuchoma, ziloweke kabla ya kujenga, zisije zikanyonya maji ya udongo wa saruji. Mchanganyiko ndoo moja ya saruji kwa sita za mchanga, utumike ndani ya saa moja. Tofali zipishane kila kozi, yaani kila mstari, na kona zijengwe pamoja. Usiache meno ya kuja kuunganisha wiki ijayo. Mlango au dirisha lisikae karibu na kona kuliko sentimita 60. Kama ni tofali mbichi, iwe sentimita 120, matundu yote pamoja yasizidi theluthi ya urefu wa ukuta, na ukuta usiwe mrefu kuliko mara 10 ya unene wake bila kuwa na ukuta mwingine au nguzo ya kuushika.

Gebo ndiyo inayoua watu kimyakimya. Ule ukuta wa pembetatu unaopanda hadi kwenye kenchi umesimama peke yake juu kabisa, hakuna kinachoushika, na ukianguka unaangukia mlangoni au kitandani. Acha kuujenga kwa tofali. Funga kwa mbao na bati, au tengeneza paa la migongo minne. Kenchi zifungwe kwenye mkanda kwa vipande vya nondo au utepe wa chuma uliochomekwa zege likiwa bichi.

Fedha za mkanda wa zege zisipopatikana, tumia mbao mbili za 2 kwa 4 zilizotibiwa, zilazwe sambamba juu ya ukuta, ziunganishwe kwa vipande kila nusu mita mithili ya ngazi, na kona zipishane na kupigiliwa. Si sawa na zege, ila ni mbali sana na kutokuwa na kitu. Mteja akisema apunguze, apunguze chumba kimoja, asipunguze mkanda.

Swali: Wengine wanasema simama kwenye fremu ya mlango, wengine kimbia nje. Kipi ni kipi?
*Mama wa watoto watatu, Bukavu*

Jibu: Mama, fremu ya mlango haina nguvu ya pekee, na mlango unaojipiga unavunja vidole. Kama jengo ni la zege au ghorofa, mkae mlipo: piga magoti, ingia chini ya meza imara, shika mguu wake, linda shingo. Ngazi ni mahali pabaya kabisa wakati wa mtikisiko. Kama nyumba ni ya udongo au tofali zisizofungwa na mlango uko hatua chache, tokeni, lakini mpite moja kwa moja hadi mahali pa wazi. Umbali kutoka ukutani uzidi kimo cha ukuta. Waliosimama barazani ndio wanaoangukiwa.

Mitikisiko inayofuata msiidharau. Februari 3, 2008, siku ya Jumapili, baada ya lile la 5.9 karibu na Bukavu lilifuata jingine saa chache baadaye upande wa Rusizi, na Rwanda kanisa liliwaangukia waumini. Kabla ya kurudi kulala ndani, kagua: ufa unaopenya unene wote wa ukuta, nyufa za mshazari zilizokatana kwenye kona za madirisha, mlango uliokuwa ukifunga sasa haufungi, ukuta uliolala. Moja likiwepo, laleni nje. Ufa mdogo ukikutia shaka, ubandike jasi mahali pawili na uandike tarehe; jasi likipasuka, ukuta bado unatembea. Funga gesi na zima swichi kuu ya umeme kabla ya kuwasha kiberiti.

Swali: Tunaoishi Muscat tuogope la Sumatra au kuna la karibu?
*Msomaji, Muscat*

Jibu: La karibu. Ufa wa Makran uko upande wa pili wa Ghuba ya Oman, chini ya pwani ya Iran na Pakistan. Usiku wa kuamkia Novemba 28, 1945 ulitoa tetemeko la 8.1, na tsunami yake ikapiga Pasni na kufika hadi Mumbai. Kwenu wimbi la Makran linaweza kufika chini ya saa moja. Oman ina kituo cha tahadhari Muscat, ila mtikisiko mrefu mkiwa Qurum au Sur ndiyo tahadhari yenyewe. Msisubiri simu ilie.

Swali: Kila mara tunaletewa ujumbe wa simu kwamba tetemeko litapiga saa fulani. Kuna mtu anayeweza kujua?
*Msomaji, Arusha*

Jibu: Hakuna anayeweza kutaja siku na saa. Februari 1975 China iliwaondoa watu Haicheng kabla ya tetemeko, hasa kwa sababu mitikisiko midogo ilitangulia kwa wingi. Mwaka uliofuata, Julai 28, 1976, Tangshan haikuonywa, na hesabu rasmi ya vifo ilikuwa kama 242,000. Kinachowezekana kujua ni mahali penye hatari, na Bonde la Ufa ni mojawapo: Desemba 13, 1910 eneo la Rukwa lilipata tetemeko la kama 7.4. Ujumbe wenye saa kamili ufute, usiutume kwa mwingine.

Swali: Maji ya bahari yakiingia kisimani baada ya wimbi, tufanyeje?
*Kamati ya maji, Kilwa*

Jibu: Msikimbilie kukikausha kwa pampu. Sri Lanka, baada ya 2004, watu walipovuta maji kwa wingi ili kuondoa chumvi walivuta maji ya chumvi zaidi kutoka chini, na kuta za visima zikaporomoka. Toeni kwanza takataka na mizoga, vuteni maji polepole mara moja au mbili tu, muache kisima kijae chenyewe, kisha wekeni klorini. Maji hayo yatumike kwa kufua na kuogea tu hadi yapimwe. Mvua za masika ndizo zitakazosukuma chumvi ishuke, na inaweza kuchukua misimu kadhaa, kwa hiyo pangeni tangu mwanzo maji ya kunywa yatatoka wapi kwa kipindi hicho chote.